Maneno Magumu ya Kiingereza na Ufunguo Uliomo Nyumbani

Ikiwa umewahi kumpeleka mtoto kusoma Nairobi, huenda jina la Adams Arcade si geni kwako. Ni kituo katika Barabara ya Ngong, upande wa magharibi wa jiji, ambapo matatu za nambari 111 hushusha na kupakia tangu alfajiri. Maduka yaliyokipa kituo jina yalijengwa katika miaka ya 1950 na mfanyabiashara Abdul Habib Adam. Nyuma yake lipo Soko la Toi, maarufu kwa mitumba, na ukilivuka soko unaingia njia za kuelekea Makina na Kibra, mtaa ulioasisiwa na askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20. Adhana husikika huko, na mgeni kutoka Pwani hakosi wa kumwitikia salamu. Kwa hiyo si ajabu kumwona kijana wa Kisauni au binti wa Mkomani amekuja kukaa kwa khalati yake au ami yake pande hizi, hasa katika ule muda mrefu wa kungoja baada ya kidato cha nne.

Miongoni mwa vijana hao wamo wachache ambao alama zao ni za juu na ambao wameambiwa kwamba ziko nafasi za kusoma Marekani kwa ufadhili kamili. Habari hiyo si uongo. Vyuo kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humpima mwombaji, hata wa nchi ya kigeni, bila kwanza kuutazama mfuko wa mzazi wake, na akikubaliwa hulipia kile ambacho familia haiwezi. Lakini mlangoni pana mtihani uitwao SAT. Wakati wa janga la korona vyuo vingi viliulegeza. MIT ikalirudisha sharti lake mwaka 2022, na Harvard ikafanya hivyo mwaka 2024. Ada yake kwa mtahiniwa aliye nje ya Marekani hupita dola 100, na msamaha wa ada umewekewa wanafunzi wa Marekani wenyewe. Kwa nyumba ya mvuvi au ya mwenye kibanda, hizo ni fedha za kujaribu mara moja, au mara mbili kwa kujinyima. Ndiyo sababu suala la namna ya kujitayarisha halifai kuachiwa bahati.

Nusu ya mtihani huo ni hesabu, na hesabu haziwatishi sana watoto waliosoma vizuri hapa Kenya. Kinachowatisha ni maneno. Kiingereza wanachokijua ni cha darasani: chatosha kujibu mwalimu na kuandika insha. Kile cha mtihani kina maneno ambayo hawajapata kuyasikia yakisemwa na mtu, na wengi huona njia ni moja tu, kuyakariri yote kwa kufuata herufi.

Jumamosi moja, kwenye meza ya vitabu vya mtumba karibu na Toi, nilimkuta kijana wa kwetu ameshika kitabu kizito chenye jalada lililochanika. Lafudhi yake ilimtangulia. "Ami, hiki kina maneno elfu tano," aliniambia baada ya salamu, "na mwenyewe ataka mia tatu tu." Nilifungua ukurasa wa hakimiliki nikaona mwaka 2003. Sura nzima ya mwanzo ilikuwa ya kulinganisha jozi za maneno. Nikamwambia, "Mwanangu, sehemu hii iliondolewa mwaka 2005, wewe hata hujazaliwa." Alicheka, kisha kicheko kikamkauka, kwani alikuwa amekwisha kukariri orodha ya namna hiyo hiyo katika kitabu cha rafiki yake mpaka mwisho wa herufi D.

Hapo ndipo penye hasara ambayo wazazi hawaioni. Kitabu cha mtumba si kibaya kwa kuwa ni cha mtumba. Riwaya ya miaka hamsini iliyopita ingali riwaya. Lakini kitabu cha kujitayarishia mtihani huzeeka kama gazeti, na huu umebadilika sana. Ulianza mwaka 1926, ukiongozwa na Carl Brigham, profesa wa saikolojia wa Princeton, mtu ambaye miaka mitatu kabla yake alikuwa ameandika kitabu cha kudai kwamba baadhi ya makabila ya watu wana akili pungufu kuliko wengine, kisha mwaka 1930 akayakana madai hayo hadharani. Siku hizo herufi za SAT zilitajwa kuwa kipimo cha kipaji. Leo hazisimamii neno lolote, jambo ambalo nadhani ni uungwana wa aina yake. Mwaka 1994 yaliondolewa maswali ya kutaja kinyume cha neno. Mwaka 2005 yakaondoka ya kulinganisha jozi. Mwaka 2016 yakafuata ya kujaza pengo katika sentensi, na wakuu wa mtihani wakatangaza kwamba zama za maneno ya kuwatesa watoto zimepita.

Swali moja la zile jozi limebaki mashuhuri. Mtahiniwa alipewa mkimbiaji na mbio za marathoni, akatakiwa kutafuta jozi yenye uhusiano kama huo; jibu lilikuwa mpiga makasia na "regatta", yaani mashindano ya mashua. Wakosoaji walisema, na walikuwa na haki, kwamba mtoto wa tajiri aliyelelewa kando ya vilabu vya mashua atalijibu kwa wepesi, na mtoto wa mtaa wa kimaskini atakwama. Nami kila nikilikumbuka swali hilo hutabasamu. Mtoto wa Lamu, aliyezoea kuona majahazi yakishindana matanga mbele ya gati huku mji mzima ukipiga kelele, alikijua kitu chenyewe kuliko mtoto wa Boston. Alichokosa ni jina tu. Na katika maneno mengi yanayoitwa magumu, hali ni hiyo hiyo: kitu tunacho, jina ndilo tusilo nalo.

Sasa, baada ya kusikia kwamba maneno yameondolewa, mtu angedhani kazi imekwisha. La. Mwezi Machi mwaka 2023 mtihani ulihamia kwenye kompyuta kwa watahiniwa wote walio nje ya Marekani, na pengo la kujaza likarejea kwa sura nyingine. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, kiasi cha sekunde 71 kwa swali. Kila swali lina aya yake fupi, ya maneno 25 hadi 150. Katika baadhi yake neno moja limeachwa wazi, na mtahiniwa huchagua moja kati ya manne ambalo mantiki ya aya yenyewe inalidai.

Nitoe mfano wa kwangu. Aya yasema kwamba kwa muda mrefu watu walidhani kukata mikoko michache hakuwadhuru samaki. Lakini vipimo vipya vimeonyesha kwamba madhara hayo si ya kuitwa hivi, na hapo pana pengo. Maneno manne ni "evident", "negligible", "novel" na "deliberate". Aliyekariri maana tu atajua kwamba la kwanza ni dhahiri, la pili ni dogo lisilofaa kuhesabiwa, la tatu ni jipya, la nne ni la makusudi. Hilo halimtoshi. Lazima alione lile "lakini", ajue kwamba hoja imegeuka. Kisha alione "si", ajue kwamba imegeuka tena. Madhara si madogo. Jibu ni "negligible". Wengi wanaokosa swali la namna hii hawakosi kwa sababu ya neno refu, hukosa kwa sababu ya "lakini" na "si". Hizo "however", "although", "nevertheless" na "thus" ndizo ambazo ningempa mwanafunzi katika wiki ya kwanza kabla ya neno lolote la fahari, na tena mtihani una maswali yake maalumu ya viunganishi hivyo.

Namna bora ya kulijibu ni kulifunika jibu kwa mkono, kulijaza pengo kwa neno lako mwenyewe, hata kama ni la Kiswahili, ndipo uyatazame yale manne. Watoto wetu waliokua wakitegeana vitendawili na kufumbua mafumbo barazani wamefanya mazoezi haya tangu utotoni bila mtu kuwaambia kwamba ni mazoezi. Na jibu likikushinda kabisa, kisia, kwani tangu 2016 jibu baya halipunguzi alama.

Lipo tena jambo la neno dogo lenye maana ya pili. Mtihani hupenda kuchukua neno la kila siku na kulitumia kwa maana isiyo ya kila siku. "Champion" si bingwa tu, ni pia kulipigania jambo la mwingine. "Qualify" si kufuzu tu, ni pia kuipunguza kauli ili isiwe ya jumla mno. "Check" ni pia kuzuia. "Entertain" ni pia kulipa wazo nafasi moyoni. Mwanafunzi hulalamika kwamba Kiingereza kina hila. Mwambie aende jikoni: mbuzi aliye zizini ana miguu minne na hula majani, na mbuzi ya jikoni ina meno na hukuna nazi. Hakuna mtoto wa Pwani ambaye ameambiwa na mama yake alete mbuzi akatoka nje na kamba. Maneno yaliyouzunguka wito yamemweleza. Akili hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa.

Lakini hazina kubwa zaidi tuliyo nayo ni katika mizizi ya maneno. Chukua neno amini. Kutoka hapo tuna imani, amana, aminika, aminisha, mwaminifu na muumini. Mtoto aliyekaa chuoni miaka michache hana haja ya kuelezwa kwamba maneno haya ni ukoo mmoja, na kwamba amana ni kitu unachomwekea mtu kwa kuwa unamwamini. Basi Kilatini, ambacho Kiingereza kimekopa kwake kama Kiswahili kilivyokopa kwa Kiarabu, kina mzizi wa "cred", wenye maana hiyo hiyo ya kuamini. "Creed" ni imani. "Credit" ilianza kama amana. "Credible" ni kinachoaminika. "Credulous" ni mtu mwepesi wa kuamini kila anachoambiwa, na "incredulous" ni yule anayekutazama kwa macho ya kutosadiki. "Credence" ni ile hali ya kulipa jambo sadaka ya imani yako. Maneno sita yameingia kwa mlango mmoja. Yule kijana wa Toi angeyakuta katika kitabu chake yakifuatana na mengine mia yasiyohusiana nayo, kwa kuwa alfabeti haijui ukoo.

Vivyo hivyo hakimu, hukumu, mahakama na hekima. Vivyo hivyo elimu, mwalimu, maalumu na taaluma. Anayeuona uhusiano wa haya atauona pia wa "benevolent", "benefactor" na "beneficial", ambayo yote yana wema ndani yake, na wa "malice", "malign" na "malevolent", ambayo yana ubaya. Mzizi "loqu" ni kusema: "eloquent" ni mwenye ufasaha, "loquacious" ni mwenye domo. Mizizi 40 au 50 ya namna hii, ikieleweka sawasawa, humfungulia mtu mamia ya maneno ambayo hajapata kuyaona.

Tena yapo maneno ambayo hata hayahitaji kutafsiriwa, kwa sababu ni jamaa zetu waliosafiri kwa njia nyingine. Sifuri yetu na "cipher" yao ni neno moja la Kiarabu, lenye maana ya utupu, na "zero" pia imetoka humo. Kwa kuwa zamani tarakimu zilitumika kuandikia siri, "decipher" ikawa kufumbua maandishi yaliyofichwa. Taarifa na "tariff" ni watoto wa mzizi mmoja wa kujulisha. Orodha ya ushuru ilikuwa taarifa kwa wafanyabiashara. Hazina na "magazine" hali kadhalika, maana "magazine" ilikuwa ghala kabla ya kuwa jarida. "Elixir" ni al-iksir, "algebra" ni al-jabr, na "algorithm" ni jina la Al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9, lililopita katika vinywa vya Walatini mpaka likachakaa.

Tahadhari lakini, kwani sura hudanganya. "Nadir", neno wanalolipenda sana watunga mitihani, lina maana ya kiwango cha chini kabisa. Anayedhani ni ndugu wa nadra amepotea. Ukoo wake uko pamoja na nadhari, kutazama, kwa kuwa lilianza kwa wanajimu kama ile nukta ya mbingu inayokabiliana na utosi kutoka chini. Katika Kiingereza chenyewe, "noisome" haina kelele ndani yake, ni kinachonuka. Nasi tunayo yetu: sifuri ni utupu na sufuria ni chombo cha jikoni, ingawa mwisho wa mwezi vitu hivi viwili huweza kukutana. Kwa hiyo mzizi ni wa kukuelekeza, na kamusi ndiyo hakimu. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotolewa mwaka 1996, yatosha kuanzia.

Je, maneno gani yaanze? Hapa pana habari njema. Mwaka 2000 mtafiti Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington, huko New Zealand, alichambua maandishi ya kitaaluma yenye jumla ya maneno milioni 3.5, akachuja koo 570 za maneno ambazo hujirudia katika fani zote, kuanzia sheria hadi sayansi. Koo hizo peke yake ni karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Humo hamna maneno ya kujigamba. Mna "attribute", "constrain", "imply", "inherent", "subsequent". Lakini haya ndiyo yanayoshika nguzo za aya, na mwanafunzi ambaye hana uhakika nayo hatasaidiwa na kujua kwamba "sesquipedalian" ni mwenye kupenda maneno marefu. Orodha hiyo hupatikana bila malipo. Kijana akichukua koo 10 kwa siku na kupumzika Ijumaa, humaliza kwa wiki tisa na nusu. Faida yake nyingine ni kwamba hata asipokwenda Marekani, hasara hakuna: maneno hayo hayo yatamkuta katika kitabu cha uhasibu cha chuo kikuu cha Nairobi au cha Pwani.

Kumaliza si kukumbuka, hata hivyo. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba tunachojifunza hupotea haraka sana katika saa na siku za mwanzo, na kwamba kukirudia kwa vipindi vilivyoachana huzuia upotevu huo. Naye Sebastian Leitner akaeleza mwaka 1972 namna ya kuandika maneno kwenye vipande vya karatasi na kuvipanga katika visanduku: kipande ulichokijua huhamia kisanduku cha nyuma na kurudiwa baada ya siku nyingi, ulichokikosa hurudi mbele na kurudiwa kesho. Wenye programu za simu wameuuza mtindo huo kama uvumbuzi mpya.

Waliohifadhi Kurani watacheka. Yeyote aliyepita chuoni anajua kwamba mwanafunzi wa hifdhi hana somo moja kwa siku, ana matatu: la leo, la siku chache zilizopita, na juzuu za zamani anazozipitia kwa zamu ili zisimtoroke. Murajaa hiyo, au kudurusu kama wasemavyo wazee, ndiyo iliyowawezesha watoto wa miaka 12 kuzibeba juzuu 30 vifuani. Nina yakini kwamba kijana aliyezoea nidhamu hiyo, akiihamishia kwenye visanduku vitatu vya maneno, atawashinda wengi waliolipia masomo ya ziada kwa fedha nyingi. Na azingatie jambo moja: chuoni hakuhifadhi neno moja moja lililokatwa kutoka kwenye jumla, alihifadhi maneno yaliyoungana. Basi kwenye kile kipande cha karatasi aandike sentensi nzima, tena sentensi ya maisha yake. "Meticulous" peke yake ni upepo. Fundi wa Lamu anayechonga mlango kwa siku tisini bila kuruka ua moja, huyo ni "meticulous", na picha yake haifutiki.

Nyumbani kuna mtihani mwingine ambao naupendekeza kwa kila familia, nao ni wa bibi. Mtoto achague neno moja la siku, amweleze bibi yake kwa Kiswahili, kwa ana kwa ana au kwa simu kutoka Woodley mpaka Majengo. Bibi akielewa na kutoa mfano wake mwenyewe, neno limekaa. Akisema "sijakufahamu, mjukuu wangu," basi tatizo haliko kwa bibi. Nilisikia kisa cha mmoja aliyekuwa akieleza "ambivalent", akasema ni mtu ambaye hajui atakacho. Bibi akamkatiza: "Huyo ni mjinga. Mwenye moyo wa pande mbili ajua atakacho, ila ataka viwili vinavyopingana, kama mimi nilipoposwa." Hakuna kitabu cha mtihani kilicholieleza neno hilo vizuri zaidi.

Nasema hivi kwa kuwa iko dhana, tena ya zamani, kwamba Kiingereza huja nyumbani kwa sharti la Kiswahili kutoka. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika katika Decolonising the Mind, mwaka 1986, jinsi mtoto aliyeteleza akasema lugha ya kwao shuleni alivyopigwa au kuvishwa kibao cha fedheha shingoni. Ziko shule ambazo mpaka leo zina kibao chao, kwa jina hili au lile. Matokeo yake ni mtoto anayeona aibu kutumia lugha yake kufikiria, akabaki na maneno ya Kiingereza yasiyoshikamana na kitu.

Kinyume chake tumekiona Mombasa. Ali Mazrui alizaliwa huko mwaka 1933, katika nyumba ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya, mtu aliyechapisha mwenyewe magazeti ya Sahifa na Al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930. Nyumba hiyo ilijaa maneno, na hayakuwa ya Kiingereza peke yake. Lakini kijana alipofanya mtihani wa Cambridge matokeo yalikuwa duni, na mlango wa Makerere ukamfungikia. Akawa karani katika taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hapo, katika hafla ya Maulidi, alitoa hotuba kwa Kiingereza mbele ya gavana Philip Mitchell, na hotuba hiyo ndiyo iliyomfungulia njia ya kwenda Uingereza kumalizia masomo aliyoyakosa. Alipata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia mwaka 1961, ya udaktari Oxford mwaka 1966; na Makerere iliyomkataa kama mwanafunzi ilimpokea kama profesa. Kiingereza chake kilisifika kwa kupenda maneno yanayogongana kwa sauti na kauli zinazojipinga kwa nje, na mimi sijaacha kusikia humo mwangwi wa baraza la Mji wa Kale, ambako mtu husemwa kwa mafumbo na hujibu kwa mafumbo.

Sidai kwamba mtihani si kitu. Kwa Mazrui njia ya pembeni ilikuwapo. Kwa kijana wa leo anayesubiri Adams Arcade, gavana hatatokea. Ndiyo maana nimalizie kwa mambo ya kazi.

Usinunue orodha nene. Ukiwa na shilingi za kutumia, zitumie kwa kitu cha kusoma chenye aya ndefu: gazeti la Jumapili, kitabu cha historia, makala ya sayansi, nusu saa kila siku, kwa kalamu mkononi. Wala si lazima kununua. Ukipanda matatu kutoka Adams Arcade hadi mjini, Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo katika ukoloni haikuwa ya Waafrika, imepakana na Msikiti wa Jamia. Mtu aweza kuswali adhuhuri kisha akavuka hatua chache kwenda kusoma mpaka alasiri. Tangu mwaka 2015 masomo ya SAT ya Khan Academy, yaliyotayarishwa pamoja na wenye mtihani, ni ya bure. Mitihani kamili ya mazoezi imo katika programu iitwayo Bluebook, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya siku ya mtihani, nayo pia ni ya bure.

Kuhusu wakati, wazazi wafahamu kwamba maombi ya vyuo vingi vya Marekani hufungwa mwanzoni mwa Januari, ilhali matokeo ya KCSE hutoka Januari hiyo hiyo. Kwa hiyo aliyemaliza kidato cha nne mwezi Novemba kwa kawaida huomba nafasi ya mwaka unaofuata, na ule mwaka mzima wa katikati ndio wa maandalizi. Asiharakishwe kuolewa wala kutafutiwa kibarua cha kudumu kabla haujatumika. Mtihani ufanywe mapema katika mwaka huo, ili ikibidi kurudia pawe na nafasi. Na kompyuta ya mkononi itafutwe mapema vilevile, hata kwa kuazima kwa jamaa, kwa sababu Bluebook haifanyi kazi kwenye simu, na si vyema mtoto aione kibodi yake kwa mara ya kwanza asubuhi ya mtihani.